Kutoka Usawa wa Bahari Hadi Korongo la Colca: Majibu kwa Wasomaji

Barua karibu zote za mwezi huu zinaulizia nchi moja, Peru, na hasa upande wake wa kusini: mji wa Arequipa uliojengwa na Wahispania, na vijiji vya korongo la Colca nyuma ya milima yake. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu zilizobaki zote zinaiegemea.

Usiku wa kwanza

*Assalaam aleikum. Mimi na mwenzangu tutakuwa Peru siku 12, mwezi wa Julai. Wakala ametupangia hivi: tunatua Lima, tunaunganisha ndege hadi Arequipa jioni, na saa tisa usiku huo huo gari la watalii linatuchukua kwenda Colca. Siku mbili, tunarudi. Mie sijawahi kulala mahali palipo juu kushinda Voi. Mpango huu utatufaa? — Msomaji, Mtongwe*

Waaleikum salaam. Hautawafaa, na wala haumfai mtu yeyote wa pwani. Arequipa iko mita 2,335 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Nyahururu, na hapo wengi huhisi pumzi fupi tu wakipanda ngazi. Taabu iko mbele. Barabara ya kwenda Colca hupita Patapampa, mita 4,910. Kilele cha Lenana, kule Mlima Kenya, ni mita 4,985. Yaani mahali ambapo mtu hupanda kwa siku nne na fimbo mkononi, ninyi mnapelekwa na gari kabla ya chai ya asubuhi, kisha mnashushwa Chivay, mita 3,635, mkalale huko.

Hewa ya juu haikosi oksijeni kama wengi wanavyodhani. Kiasi ni kile kile cha Likoni, sehemu 21 kwa 100. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na mgandamizo ndio unaoisukuma oksijeni kutoka mapafuni hadi damuni. Arequipa umebaki kama robo tatu ya ule wa Mombasa, Chivay kama theluthi mbili, na Patapampa ni nusu na ushei. Mwili unajua kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinabadilisha kazi yao, damu inabadilika. Lakini unataka siku, hautaki saa. Ukiunyima siku hizo, kichwa huanza kugonga saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika, ndiyo maana watu hushikwa usiku: kichefuchefu, chakula hakipiti, usingizi wa kukatika katika. Wenyeji huuita ugonjwa huo *soroche*.

Siku 12 zinawatosha vizuri mkizipanga upya. Laleni Arequipa usiku tatu. Siku ya nne pandeni basi la mchana kwenda Chivay au kijiji cha Yanque kilicho jirani. Ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Siku ya tano tembeeni vijijini bila mizigo. Siku ya sita teremkeni na basi hadi Cabanaconde, mita 3,287, na siku ya saba hadi ya tisa ingieni korongoni, ambako kwa kweli mtakuwa mnashuka. Zinabaki siku za kurudi na moja ya akiba, kwa sababu barabara hizo hufungwa na migomo bila hodi.

Basi likisimama Patapampa, kila mtu hushuka kupiga picha. Shuka pole pole, tembea hatua ishirini, rudi ukae. Wanaoanguka pale ni wale waliochupa kutoka kitini na kukimbilia picha, au walioinama ghafla kupanga vijiwe kama wanavyoona wengine wakifanya. Na ukifika Chivay usikimbilie chemchemi za maji moto za La Calera jioni hiyo hiyo. Maji ya moto hutanua mishipa, na mwili ambao tayari unahangaika utakutupa kizunguzungu ukiinuka. Ngojea kesho, na usizidishe dakika ishirini.

Kuhusu dawa: iko asetazolamaidi, ambayo daktari wako anaweza kukuandikia. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, na kuendelea siku mbili baada ya kufika pale utakapolala. Itakukojolesha, vidole vitawashawasha kama umevikalia, na soda itapoteza ladha. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari mapema. Dawa hii inausaidia mwili kuzoea. Haiwi kibali cha kupanda kwa pupa.

Jambo la pwani hasa, ambalo vitabu vya wazungu hulitaja pembeni tu: selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende huko juu. Aliyerithi upande mmoja tu, ambaye siku zote ni mzima na pengine hajui, naye yumo hatarini: oksijeni ikipungua damu inaweza kuziba ndani ya wengu. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Katika ukanda wetu watu hawa si wachache. Pima kabla ya kukata tiketi. Ni kipimo cha damu cha kawaida.

Sasa mtego mmoja. Kanuni ya kila mahali ni kwamba ukizidiwa, shuka. Lakini kutoka Chivay, barabara ya kurudi Arequipa inakupitisha tena Patapampa, kwa hiyo unapanda mita zaidi ya elfu moja kabla ya kushuka. Maumivu ya kichwa ya kawaida yangojeeni kwa kupumzika, maji na dawa ya maumivu. Mkiona mtu anayumba kama mlevi akitembea kisigino kwa kidole kwenye mstari, au anahema akiwa amekaa, au anakohoa povu, hayo si ya kungojea. Mpelekeni kituo cha afya cha Chivay apewe oksijeni, na asafirishwe akiwa nayo. Msimpakie tu kwenye basi la saa tano.

Sillar na matumbawe

*Naishi Mji wa Kale, na majumba ya kizamani nimeyazoea. Arequipa ina nini ambacho sina hapa kwetu? Na siku tatu si nyingi mno kwa mji mmoja? — Binti wa Kibokoni*

Binti, wewe ndiye utakayeufaidi mji huo kuliko watu wengi, kwa sababu utajua unachokitazama. Fort Jesus ilipoanzwa kujengwa mwaka 1593, taji la Ureno na taji la Uhispania lilikuwa juu ya kichwa kimoja, cha Mfalme Filipo. Arequipa ilikuwa mali yake pia. Wahispania waliiasisi tarehe 15 Agosti 1540. Ni ufalme ule ule, na mawazo yale yale ya ukuta mnene na uwanja katikati.

Jiwe lake huitwa *sillar*, jiwe jeupe la majivu ya volkano. Litazame kwa macho ya Mombasa: jepesi, lina vitundu, linachongeka kirahisi, na linafaa kwa nakshi. Tabia hizo ndizo za matumbawe yetu. Tofauti inaonekana juu. Sisi tuna boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Wao miti hawana, kwa hiyo wanafunika kwa kuba la mawe na kuta zinazozidi mita moja, na kuta hizo zina kazi ya pili: matetemeko. Tarehe 23 Juni 2001 mnara mmoja wa kanisa kuu ulianguka na wa pili ukaharibika vibaya. Umejengwa upya, ila ukiangalia vizuri rangi ya mawe utaona. Ndani ya majengo utakuta kibandiko chenye herufi S kubwa. Hapo ndipo pa kusimama ardhi ikitikisika. Kitafute kila unapoingia gesti, kabla hata ya kutua begi.

Siku ya kwanza usifanye kitu zaidi ya uwanja mkuu, Plaza de Armas, na uso wa kanisa la Compañía uliokamilika mwaka 1698. Simama mbele yake asubuhi jua likiwa pembeni, maana adhuhuri nakshi hupotea zote. Siku ya pili ni ya nyumba ya watawa ya Santa Catalina, iliyoanzishwa mwaka 1579. Ina eneo la mita za mraba 20,000 hivi, na ndani ni mji mzima wenye vichochoro vilivyopewa majina ya miji ya Uhispania, kuta za buluu na za udongo mwekundu, jiko lenye masizi, na mahali pa kufulia ambapo vipande vya mitungi mikubwa vimepangwa kando ya mfereji na kila kimoja kilijazwa kwa kuzuia maji kwa mkono. Tenga saa tatu. Watu waliishi humo bila kuonekana hadi mwaka 1970 mlango ulipofunguliwa kwa wageni. Watawa wachache bado wamo, upande wao. Siku ya tatu panda kwa miguu hadi Yanahuara, ng'ambo ya mto, ambako matao ya sillar yanatazamana na volkano Misti, mita 5,822. Kutembea huko ni zoezi lako la mwinuko pia. Kwa hiyo siku tatu si nyingi. Moja ni ya macho na mbili ni za mapafu.

Usisimamishe teksi barabarani, hasa usiku. Mwambie mwenye gesti akuitie.

Kushuka ni kupi, kupanda ni kupi

*Sisi ni vijana wanne, tunapanda Shimba Hills na tumeshafika Kasigau mara mbili. Tunataka kushuka korongo la Colca bila kiongozi. Njia ni ipi, maji kiasi gani, na watu hukwama wapi? — Kundi la Changamwe*

Kiongozi si lazima, njia ni wazi na ina watu. Watu hukwama mahali pawili tu, magotini siku ya kwanza na juani siku ya mwisho.

Kwanza, geografia. Cabanaconde iko ukingoni. Ng'ambo ya mto kuna vijiji vidogo vya San Juan de Chuccho, Cosñirhua na Malata, na upande wa Cabanaconde, chini kabisa, kuna Sangalle, ambayo wageni huiita Oasisi kwa ajili ya minazi-minazi yake (si minazi, ni mitende) na mabwawa ya kuogelea. Mzunguko wa starehe ni siku tatu: siku ya kwanza kutoka Cabanaconde kupitia mahali pa kutazamia pa San Miguel, kushuka hadi daraja na kulala San Juan, siku ya pili kupitia Cosñirhua na Malata hadi Sangalle, siku ya tatu kupanda kurudi Cabanaconde. Makampuni huuza mzunguko huo kwa siku mbili. Unawezekana, ila utakumbuka kivumbi tu.

Siku ya kwanza mnashuka karibu mita elfu moja mfululizo, saa tatu hadi nne, juu ya changarawe iliyolegea. Hapo kucha ndizo zinazokufa. Mguu husogea mbele ndani ya kiatu kila hatua, kidole gumba kinapiga ukuta wa kiatu mara elfu kadhaa, na jioni kucha imekuwa nyeusi. Kata kucha siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari. Kiatu kiwe kikubwa kwa upana wa kidole kimoja. Na kamba zifungwe hivi: legeza upande wa vidole, kisha ukifika matundu mawili ya juu pitisha kila ncha kwenye tundu la upande wake ubakize kitanzi, ingiza ncha ya upande wa pili katika kitanzi hicho, vuta kuelekea chini, halafu funga. Kisigino kitashikwa nyuma na vidole vitapumua. Bakora moja kwa kila mtu inapunguzia magoti mzigo. Ishike mbele yako unaposhuka, na ipime kabla ya kuiegemea.

Maji: lita tatu kila mmoja siku ya kushuka, na lita mbili hadi tatu siku ya kupanda. Maji ya mto Colca yaacheni. Vijijini kuna maji ya bomba ya milimani, lakini yachemsheni au yatieni vidonge, mngoje muda ulioandikwa kwenye pakiti. Yakiwa baridi sana ongezeni muda. Bebeni na pakiti za chumvi za kurudishia maji mwilini, kwa sababu hewa kavu ile huyakausha majasho kabla hujayaona, nawe unadhani hujatoka jasho.

Siku ya tatu ndiyo mtihani: kutoka Sangalle, mita kama 2,180, mnapanda mita 1,100 bila hata kipande cha tambarare. Ondokeni saa kumi na nusu alfajiri na tochi za kichwani. Jazeni chupa usiku, fungeni mabegi usiku, kuleni ndizi na mkate huku mnatembea. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Ukikata maneno, punguza. Kwa mwendo huo mnapata mita 300 hivi kwa saa, yaani saa tatu na nusu au nne, na mtakuwa juu kabla jua halijaukalia ukuta wote. Anayeondoka saa mbili asubuhi baada ya chai hupanda akiokwa, na kivuli hakipo.

Ukijijua goti ni bovu, kuna nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, wa kukodi hadi juu. Waagize jioni ya kuamkia, si alfajiri, na mkubaliane bei kabla ya kupanda mgongoni. Njiani ukisikia kwato, simama upande wa ukuta. Kamwe usisimame upande wa genge, maana mzigo wake hutanuka na hauoni mtu.

Kati ya Januari na Machi msishuke. Mvua hulegeza mawe na njia zenyewe hukatika. Julai ni mwezi mzuri.

Tai asubuhi

*Nasikia wale tai wakubwa huonekana saa fulani tu. Ni kweli au ni biashara ya madereva? — Baba Munira, Kisauni*

Ni kweli, Baba Munira. Kondori ana mabawa ya mita tatu na zaidi na uzito unaofika kilo 15; kupiga mabawa kwa muda mrefu hawezi. Anangoja jua lipashe kuta za korongo, hewa ya moto ipande, aikalie kama dau linavyokaa juu ya upepo. Ndiyo maana mahali paitwapo Cruz del Cóndor hujaa watu kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Wenye kola nyeupe shingoni ni wakubwa, wa rangi ya kahawia ni wachanga, na mwenye kishungi kichwani ni dume. Basi la asubuhi la Chivay kwenda Cabanaconde hupita hapo hapo. Shuka, kisha udake la baadaye.

Vijiji vinavyofanana

*Picha za Yanque, Coporaque na Maca zinaonyesha kijiji kile kile: uwanja wa mraba, kanisa, barabara zilizonyooka. Ni bahati? — Mwalimu, Tudor*

Si bahati, Mwalimu. Katika miaka ya 1570 Francisco de Toledo, gavana wa mfalme wa Uhispania, aliamuru watu wa milimani wang'olewe kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywe katika vijiji vya mraba, ili wahesabike, walipe kodi na wabatizwe. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu: vijiji vya dharura vya Mkoa wa Kati katika miaka ya 1950 vilikuwa wazo hilo hilo, na uzio juu yake. Kwa hiyo katika Colca kitu cha kikoloni ni kijiji chenyewe, siyo kanisa peke yake.

Cha kale zaidi ni mashamba. Ngazi za mawe zinazopanda kuta za bonde zilikuwepo kabla hata ya Wainka, watawala waliowatangulia Wahispania, kufika, na bado zinalimwa mahindi, viazi, kwinoa (nafaka ndogo ya huko) na maharagwe mapana, zikinyweshewa kwa mifereji inayoteremsha maji ya theluji. Tembea kutoka Coporaque hadi Yanque, saa mbili bila haraka, uone maji yakigeuzwa kwa bonge moja la nyasi na jiwe.

Angalia na kofia za akina mama. Kofia nyeupe ya majani makavu yenye utepe ni ya Wakolagua, upande wa juu wa bonde. Iliyotariziwa kwa nyuzi za rangi kote ni ya Wakabana, upande wa Cabanaconde. Kwa hiyo ukiwa ndani ya basi unaweza kujua mtu anashukia wapi. Omba ruhusa kabla ya picha. Wale wanaosimama uwanjani na mwana-alpaka wako kazini; walipe au usipige.

Chakula bila nguruwe

*Hatuli nguruwe wala pombe. Tutakula nini siku zote hizo? — Mama wawili, Bondeni*

Mtakula, ila mjue majina. *Adobo* la Arequipa, linaloliwa Jumapili asubuhi, ni nguruwe aliyepikwa kwa pombe ya mahindi. *Chicharrón* ni nguruwe wa kukaanga. Neno la kujifunza ni *sin cerdo*, bila nguruwe, na la pili ni *manteca*, mafuta ambayo mara nyingi ni ya nguruwe na hutiwa hata kwenye mkate. Nyama nyingine hazikuchinjwa kwa kisomo, kwa hiyo wengi hukaa kwenye samaki wa mtoni, *trucha*, mayai, jibini, viazi na *solterito*, kachumbari ya maharagwe mapana, mahindi na jibini. Supu ya kwinoa huonekana salama, lakini ulizeni mchuzi wake umetokana na nini. *Chicha de jora*, kinywaji cha mahindi, imechacha. *Chicha morada*, ya mahindi ya zambarau, haikuchacha.

Pilipili iitwayo *rocoto* ina sura ya hoho kabisa, nyekundu na mnene. Ikate: ukikuta mbegu nyeusi, si hoho, na ulimi wako utajua. Na mtafute *queso helado*. Jina lasema jibini, lakini hakuna jibini humo: ni maziwa, nazi na mdalasini yaliyogandishwa. Mtu wa Bondeni atadhani ameibiwa mapishi.

Msibebe maharagwe wala mchele wa kujipikia Chivay. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hiyo sufuria hutokota kwa fujo na maharagwe hubaki mawe. Tambi nyembamba na shayiri vinaiva.

Begi na nguo

*Sina nguo za baridi hata moja. Ninunue nini, na begi liwe kilo ngapi? — Msomaji, Bamburi*

Shanta ya lita 40, na likijazwa lisizidi kilo 8 bila maji. Julai usiku wa Chivay hugusa sifuri na kushuka chini yake, mchana jua linachoma, na chini Sangalle ni joto kama kwetu. Kwa hiyo vaa tabaka, usinunue koti moja nene. Nenda Kongowea kwenye mitumba: fulana mbili za mikono mirefu zisizo za pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki na jioni inakugandisha, sweta jepesi la manyoya, jaketi la kuzuia upepo na mvua, suruali mbili, soksi jozi tatu za sufu. Kofia ya kufunika masikio unaweza kuinunua kule kule, zimejaa. Kikoi usiache: ni taulo, ni shuka, ni pazia la basi.

Losheni ya jua nunua hata kama ngozi yako ni nyeusi. Mionzi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita elfu unayopanda, na midomo hupasuka siku ya pili. Begi zima liache gesti ya Arequipa au Cabanaconde. Korongoni shuka na kilo tatu nne tu.

Majani ya koka

*Kila mtu anasema nitafune majani ya koka kwa ajili ya mwinuko. Ni halali? Naweza kumletea mjomba kidogo? — Kijana wa Majengo*

Peru ni halali, huuzwa sokoni kwa mafungu, na chai yake hupewa mgeni gestini. Huchangamsha kama chai kali, basi. Usiyafanye badala ya siku za kupumzika. Mjomba usimletee hata kifurushi cha chai. Koka, mmea ambao kokeini hutokana nao, imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 wa dawa za kulevya, na afisa wa forodha hatasikiliza habari za mwinuko. Mfano uko nyumbani: miraa unayoitafuna hapa bila hofu, Uingereza imekuwa dawa iliyopigwa marufuku tangu 2014. Kung'uta mifuko yote ya begi kabla ya kurudi, majani hayo hujificha mishononi.

Pesa na karatasi

*Nibebe pesa gani, na karatasi zipi mbali na pasipoti? — Msomaji, Mikindani*

Shilingi haibadilishwi kule. Beba dola, noti safi zisizochanika hata milimita mbili pembeni. Zilizochanika hukataliwa na kila duka la kubadilisha. Zigeuze soli, pesa ya Peru, ukiwa Arequipa, uombe noti za 10 na 20, maana noti ya 100 kijijini haina chenji. Korongoni ni taslimu tu. Njiani kabla ya Chivay utauzwa tiketi ya bonde, ambayo kwa miaka mingi imekuwa soli 70 kwa mgeni. Ihifadhi, hukaguliwa tena Cruz del Cóndor. Kwenye steji ya mabasi Arequipa kuna ada ndogo ya kupandia, inayolipwa kwenye dirisha lake, mbali na nauli. Usipokuwa na stika yake utarudishwa kutoka mlangoni basi likiwa linanguruma. Begi dogo lenye pasipoti likae mapajani, si juu wala chini ya kiti.

Cheti cha homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti. Tangu 2016 sindano moja ni ya maisha, na utakihitaji pia kurudi, kwa sababu Peru ni nchi yenye ugonjwa huo na Kenya hukidai. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hadi Lima haipo. Ukipitia Marekani lazima uwe na viza yao hata kama hutoki nje ya uwanja. Iulize njia ya tiketi kabla ya kulipia, si baada.